Hakijikunji

Mtaani Mlandege watu walikuwa na neno lao: kisu kilichopita mkononi mwa Bi Mardhiya hakihitaji kuapiwa. Duka lake lilikuwa jembamba, limebanwa baina ya duka la rangi na duka la vitambaa, na ndani mlikuwa na kila kitu cha chuma kinachoingia jikoni au mfukoni: makufuli, bawaba, mikasi, mbuzi za kukunia nazi. Lakini waliomjua walimwendea kwa visu. Baba yake alikuwa mnoa visu pale Darajani kwa zaidi ya miaka thelathini, na jiwe lake la kuzungusha kwa mguu, na Mardhiya alikulia ubavuni mwa jiwe lile, cheche zikimrukia kwenye gauni.

Marehemu baba yake hakuwa mtu wa kudharau kisu cha bei rahisi. Masikini naye ana kamba ya kukata, akisema. Alichokataa ni kisu cha uongo. Alimfundisha bintiye kukipima kisu cha kukunja kama anavyofundishwa mtu kuosha maiti, hatua kwa hatua, bila kuruka. Kwanza kitazame kimefungwa: chuma kimekaa katikati ya mpini, au kimeegemea upande? Kifungue, ukishike kwenye ncha, ukitikise. Kikicheza kama jino la mtoto, kirudishe kilikotoka. Kipitishe kwenye karatasi, kisikwame. Na mwisho, kifungue mpaka loki, kile kizuizi cha ndani ya mpini, iingie, ukigeuze, ukigonge mgongo wake mezani mara tatu, si kwa nguvu za hasira, kwa nguvu za kazi. Kikijikunja, hicho si kisu tena, ni mtego wa panya, na panya mwenyewe ni kidole chako.

Kwa miaka kumi na sita tangu baba yake afariki, Mardhiya hakuwahi kuruka hatua hata moja. Isipokuwa mara moja tu, na ndiyo hiyo inayosimuliwa hapa.

Ilikuwa baada ya Idi. Mdogo wake, Abrahman, ambaye ndiye aliyekuwa akivuka kwenda Dar es Salaam kununua bidhaa, alirudi na katoni la visu vya kukunja. Mpini mweusi usioteleza, chuma cha urefu wa kidole cha kati, kibanio cha kukining'iniza kwenye mfuko wa suruali. Ukikisukuma kwa dole gumba kinafunguka na kutoa sauti nzuri, tak! Bei yake ilikuwa ile anayoiweza mchukuzi, mvuvi na mwanafunzi wa ufundi. Abrahman alikuwa amesimama juu ya katoni lake kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

"Dada, hivi vitauzika vyote kabla ya mwezi," alisema. "Vipime unipe jibu."

Mardhiya alichukua sita. Vinne vya mwanzo vilipita kila mtihani na moyo wake ukaanza kulainika, maana si kila siku mtu anapata kitu rahisi kilichotengenezwa kwa haya. Cha tano alikigonga mgongo mara moja, mbili. Mara ya tatu kile kipande cha bati kilichomo ndani ya mpini, kinachokaa nyuma ya chuma kukizuia kisirudi, kikateleza. Kisu kikajifunga kama mdomo. Vidole vyake havikuwepo njiani kwa sababu baba yake alimfundisha pia jinsi ya kushika.

Alikijaribu tena. Kikajikunja tena.

Cha sita kilisimama imara.

"Kimoja katika sita," Abrahman alisema, akikitazama kile kibovu. "Hiyo ndiyo mali ya kiwandani, dada. Hata mayai hutoki na trei zima. Kitie pembeni."

"Na hivyo vilivyobaki?"

"Utavigonga vyote? Mpaka lini? Wateja wamesimama mlangoni."

Ni kweli, wateja walikuwa wamesimama. Mmoja alitaka bawaba, mwengine kufuli la pikipiki. Mardhiya alikitia kile kisu kwenye droo, akawahudumia. Jioni alisema atavigonga kesho. Kesho yake palikuwa na msiba Jang'ombe. Siku ya tatu visu vilikuwa vimeshaanza kununuliwa, na yeye mwenyewe alijijua, ndani kabisa, kwamba hakuwa amesahau. Aliogopa kugonga. Alijua kwamba akivigonga atavikuta vyengine, na akivikuta itambidi alirudishe katoni, na Abrahman atanuna mwezi mzima, na watu watasema mkono wa Bi Mardhiya umezeeka.

Simai aliingia dukani siku ya Jumatatu asubuhi. Alikuwa kijana wa Kizimkazi, hajafika thelathini, nahodha wa boti ya kuwapeleka wageni kuwaangalia pomboo. Kila akija mjini kununua vipuri vya mashine hupita dukani hapo, na humwamkia Mardhiya kabla hajavuka kizingiti.

"Shikamoo Bi Mardhiya."

"Marahaba, mwanangu. Mkeo Mwanakheri hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Bi Mardhiya, nataka kisu. Changu kimeliwa na chumvi, hakifunguki tena. Nataka cha kukunja, nikifungue kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili siku zote umeshika boti. Lakini ghali sikiwezi."

Mardhiya akamtolea kisu cheusi. Akafanya kama kawaida yake. Alikiinua kwenye mwanga wa mlango ili Simai aone jinsi chuma kilivyokaa katikati. Alikishika ncha akakitikisa. Akachana kipande cha gazeti, kisu kikapita bila kukwaruza, karatasi ikaanguka vipande viwili mezani. Simai akacheka kwa raha.

Kisha akauliza. Hakuuliza kwa shaka, aliuliza kama mtu anayetaka kusikia jibu analolijua.

"Hakijikunji hiki, Bi Mardhiya?"

Kisu kilikuwa mkononi mwake. Meza ilikuwa mbele yake. Kukigeuza na kukigonga kungemchukua muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Pembeni, Abrahman alikuwa akipanga misumari na hakuinua kichwa.

"Hakijikunji," alisema Mardhiya.

Siku tatu za mwanzo hakulala vizuri, akasema ni joto. Siku ya nne alianza kujiambia kwamba kimoja katika sita maana yake vitano vizima, na Simai ni mtu mwema, na mtu mwema haangukiwi na kibovu. Wiki ya pili alikuwa amekaribia kuamini.

Wiki ya tano habari ililetwa na Wakil, jirani yake wa duka la rangi, ambaye mke wake ni mtu wa Kizimkazi. Alikuja na kikombe chake cha kahawa mkononi, akaegemea mlango.

"Umesikia ya Simai? Yule nahodha. Kamba ilijizonga kwenye mapanga ya rafadha ya mashine, na wageni wako majini. Akainama kuikata. Kisu kikamfungia mkononi. Vidole viwili, wanasema hadi mfupa umeonekana."

Mardhiya alikuwa ameshika kufuli. Aliliweka chini polepole.

"Kisu gani?"

"Kisu chake tu. Mwenyewe anasema alikishika vibaya." Wakil akanywa kahawa. "Tena mkono wa kulia, masikini."

Usiku ule Mardhiya alisali rakaa nyingi kuliko kawaida na hakupata alichokitafuta humo. Asubuhi alimwambia Wakil kwamba siku atakayopeleka rangi kusini, amchukue. Wakil akasema ni kesho. Abrahman aliposikia alimvuta dada yake nyuma ya duka, kwenye maboksi.

"Unakwenda kumtazama mgonjwa, sivyo? Mpelekee matunda, mwombee dua, urudi. Basi."

"Nnakwenda kumwambia."

"Umwambie nini? Mtu mwenyewe kashasema kosa lake!"

"Kwa sababu kaniuliza mimi, nikamjibu."

"Dada," Abrahman alisema, si kwa hasira tu. "Hili duka ni jina lako. Ukilivunja hilo, mimi na wanangu tutauza nini?"

Mardhiya akarudi mbele ya duka, akaendelea kuwahudumia wateja.

Walifika Kizimkazi kabla ya adhuhuri. Nyumba ya Simai ilikuwa ya matofali, bado haijapigwa lipu upande mmoja, na mbele yake kamba za mwani zilikuwa zimeanikwa kwenye uzio. Wakil alimteremsha akaenda zake na makopo yake ya rangi. Mwanakheri, mke wa Simai, alitoka kumpokea, mwanamke mrefu mwenye mikono iliyochubuliwa na chumvi ya mwani. Alimkumbatia Mardhiya kwa furaha ya kweli, na furaha ile ilimchoma.

"Bi mkubwa, umekuja kwa miguu yako! Simai, tazama nani kaja!"

Simai alikuwa ameketi barazani, mkono wa kulia umefungwa bendeji mpaka kwenye kifundo, ameuegemeza kifuani kama mtoto mchanga. Alijaribu kusimama. Mardhiya akamzuia.

Alimsimulia mwenyewe, bila kuulizwa. Palikuwa na mawimbi. Kamba ya nailoni ya watu imeelea, mashine ikaimeza. Wageni wanne walikuwa majini na boti inasukumwa kuwaelekea. Akaning'inia nyuma, akafungua kisu kwa dole gumba, akaanza kukata. Kamba ikakibana kisu, yeye akakikwamua kwa kukisukumia upande wa mgongo wake. Akasikia mlio mdogo tu. Alipotazama akaona maji yamebadilika rangi.

"Kano mbili zimekatika," alisema. "Zile za kukunjia vidole. Hospitali wameshona ngozi, lakini kano wanasema mpaka mjini, kwa daktari wa mikono, na hata hivyo hawaahidi." Akatabasamu kidogo. "Watu hapa wanasema visu rahisi vibovu. Nimewaambia, nyamazeni. Bi Mardhiya mwenyewe kakipima mbele ya macho yangu. Kosa ni langu, nilikishika kama mjinga. Ni qadar ya Mungu."

Mwanakheri alikuwa amekuja na juisi ya ukwaju kwenye trei. Mardhiya hakuigusa.

"Simai, mwanangu," alisema. "Hukukishika vibaya."

"Ah, Bi Mardhiya, usinifariji."

"Sikufariji. Nisikilize. Katoni lile nilivipima visu sita. Kimoja kilijikunja. Sikuvipima vilivyobaki. Chako sikukigonga. Uliniona nikichana gazeti, ukafikiri nimemaliza. Sikumaliza."

Kuku alipita kati yao, akidonoa.

"Lakini nilikuuliza," Simai alisema.

"Uliniuliza."

"Nikasema, hakijikunji?"

"Na mimi nikakwambia hakijikunji. Na sikujua. Nilichojua ni kwamba huenda kikajikunja."

Simai aliutazama mkono wake. Alikuwa na uso mwepesi, uso wa mtu anayecheka na wageni siku nzima, na Mardhiya aliuona uso ule ukifunga, taratibu, kama mlango unaosukumwa na mtu wa ndani. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Wiki mbili," alisema, "nimelala nikijitukana. Nimemwambia mwenye boti kosa langu, akampa boti mtu mwengine, nikaona haki yake. Wiki mbili, Bi Mardhiya."

"Nitagharamia daktari. Chochote atakachosema."

"Sitaki kitu chako."

Akasimama, mkono kifuani, akaingia ndani. Pazia likarudi mahali pake.

Mwanakheri ndiye aliyemsindikiza hadi barabarani kumngojea Wakil. Walitembea mpaka walipofika kwenye kivuli cha ukuta wa skuli.

"Afadhali ungenyamaza, bi mkubwa," Mwanakheri alisema. Hakusema kwa ukali, alisema kwa uchovu. "Alikuwa keshamwachia Mungu. Anaumwa, lakini ametulia. Sasa umempa mtu wa kumchukia, na mimi ndiye nitakayelala na chuki hiyo chumba kimoja."

"Ningenyamaza, angeendelea kujitukana."

"Labda." Mwanakheri akapangusa uso kwa ncha ya kanga. "Labda hiyo ilikuwa nyepesi. Mimi sijui. Wewe ulikuja kumpunguzia yeye mzigo, au kujipunguzia wako?"

Mardhiya alilibeba swali lile njia nzima hadi mjini. Wakil alizungumza juu ya bei ya rangi, juu ya mkwewe, juu ya mvua, kisha akaona hajibiwi akafungua redio.

Kesho yake asubuhi alikata kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu ya wino mzito na kukining'iniza mlangoni: ALIYENUNUA KISU CHEUSI CHA KUKUNJA HAPA AKIRUDISHE, KINA HATARI. MARDHIYA. Abrahman alikisoma kutoka barabarani. Alikitoa, akakikunja mara mbili. Mardhiya akaandika chengine. Cha pili Abrahman hakukitoa, lakini siku ile hakula chakula dukani, na kabla wiki haijaisha alichukua makufuli yake na mikasi yake, akakodi meza katika duka la rafiki yake upande wa pili wa barabara, mahali ambapo dada yake angeweza kumuona akiuza na yeye asimtazame.

Watu walirudisha. Wengine walikuja wakicheka, wengine wakinung'unika, mmoja akatukana waziwazi mbele ya wateja. Kila kilichorudi Mardhiya alikigonga mezani, pale pale, mbele ya mwenyewe. Vingi vilisimama. Vinne vilijikunja, na kila kimoja kikijikunja aliyekileta aliangalia vidole vyake. Alizunguka pia mwenyewe, akiwatafuta anaowakumbuka: fundi wa baiskeli Mikunguni, mpishi wa hoteli huko Mji Mkongwe, mwanafunzi wa useremala ambaye alikuwa ameshakipoteza.

Mize, mama anayemenya na kuuza machungwa karibu na kituo cha Darajani, alikataa kukitoa.

"Mimi nakata ngozi ya chungwa, Bi Mardhiya. Mgongo wake siugusi. Hakijapata kunikosea."

"Kinaweza kukukunjia."

"Hebu kipime basi."

Mardhiya alikifungua, akakigeuza, akakigonga juu ya ubao wa machungwa. Mara tatu. Kisha tatu tena. Kilisimama kama chuma kimoja. Mize akanyoosha mkono akakitwaa, akaendelea kumenya, ganda likishuka kwa mkufu mrefu usiokatika. Kilikuwa kisu kizuri kweli. Mardhiya alisimama pale akikitazama kikifanya kazi yake, na ikamtia uchungu kuliko vile vibovu, kwa sababu cha Simai kingeweza kuwa hiki, na kujua kulihitaji mapigo matatu tu.

Visu kumi na moja hakuvipata. Vilikuwa mifukoni mwa watu asiowajua, kisiwani humo au kwengineko.

Wateja hawakumkimbia wote. Wapo waliosema, sasa ndiyo tunamwamini zaidi, mwanamke aliyejitangaza mwenyewe kwa mkono wake. Walioyasema hayo walimuumiza kuliko waliomtukana. Alipopima kisu mbele yao, mkono wake uliokuwa mwepesi miaka yote ulisitasita, na akaanza kugonga mara tano, mara sita, mpaka mteja mwenyewe akamwambia, basi Bi Mardhiya, inatosha.

Miezi mitatu baada ya safari ya Kizimkazi simu yake ililia. Alikuwa Mwanakheri.

"Jumatano tunakuja mjini kwa daktari wa mkono," alisema, bila maamkizi marefu. "Simai hajui kama nakupigia. Hospitali ile siijui, madirisha mengi, kila mtu anakutuma kwa mwengine. Wewe ni mtu wa mjini. Njoo."

"Atanifukuza."

"Akufukuze. Uje."

Alikwenda. Alimtangulia Mwanakheri dirisha kwa dirisha, akachukua karatasi, akauliza wauguzi, akapata benchi lenye kivuli. Simai alipomuona alisimama ghafla kwenye ukumbi, na Mardhiya aliona vidole viwili vya mkono wa kulia vimenyooka peke yao, vigumu kama vijiti, vingine vimejikunja kwa kukasirika. Hakumwamkia. Alimpita, akaingia kwa daktari, na mlango ukafungwa.

Wanawake wawili walikaa kwenye benchi. Mwanakheri alitoa mkate wa kumimina kwenye karatasi, akaukata kwa mkono, akampa nusu. Walikula polepole.

"Anaota," Mwanakheri alisema. "Anaota wale wageni majini, na boti inawajia, na hana cha kukatia. Anaamka ananitazama kama hanijui."

"Ananitaja?"

"Zamani kila siku. Sasa siku nyengine hakutaji." Akafuta makombo pajani. "Nilikwambia afadhali ungenyamaza. Bado sijui kama nilisema kweli."

Mlango ulifunguliwa. Simai alitoka na karatasi katika mkono wa kushoto. Alimtazama mkewe, akamtazama Mardhiya, na kwa muda kidogo ikawa kama hajui ampe nani ile habari.

"Kidole kimoja watajaribu kukiunga kano," alisema, macho yake yakiwa ukutani. "Mwezi ujao. Cha pili kimekwisha."

"Alhamdulillahi kwa kimoja," Mwanakheri alisema.

Simai akaanza kutembea kuelekea mlango wa nje, mkewe ubavuni. Walipofika kwenye njia mbili, moja ya kwenda kwenye dawa na moja ya kutokea, walisimama, hawajui wapi. Simai hakugeuka. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza mlinzi yeyote:

"Dawa ni wapi?"

"Kushoto," Mardhiya alisema, nyuma yao. "Halafu dirisha la tatu."

Wakaenda kushoto. Naye akawafuata, hatua chache nyuma.